Vyura wa Cape na hofu ya kuchanganya damu

Mwaka 1927 yalitokea mambo matatu Cape Town ambayo wakati huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaweka pamoja. Bunge lilipitisha Sheria ya Uasherati, iliyokataza Mzungu na Mwafrika kukutana kimwili nje ya ndoa. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka 5 kwa mwanamume na miaka 4 kwa mwanamke. Mwaka huohuo Walter Rose na John Hewitt walichapisha maelezo ya chura mdogo wa madimbwi meusi ya Rasi ya Cape, wakampa jina la Xenopus gilli kwa heshima ya Edwin Leonard Gill, mkurugenzi wa Makumbusho ya Afrika Kusini. Na mwaka huohuo Mwingereza aitwaye Lancelot Hogben alifika kufundisha zuolojia katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Mimi si mwanabaiolojia. Ni mwandishi wa habari, na kilichonipeleka kwa vyura hawa ni neno moja: chotara. Kwenye habari za kilimo neno hili ni la sifa tupu. Mbegu chotara, kuku chotara, ng'ombe chotara wa maziwa. Mkulima akilisikia anaanza kuuliza bei. Lakini liandike kumhusu mtu, uone meza ya wahariri itakavyogeuka baraza. Mmoja atasema ni tusi. Mwingine atasema mbona mtaani watu wanaitana hivyo na maisha yanaendelea. Wa tatu atapendekeza uandike "mwenye asili mchanganyiko" ili habari itoke tukalale. Nikaanza kutafuta sayansi yenyewe inalichukuliaje jambo hili, nikajikuta Cape, kwa vyura wawili ndugu ambao watu wametumia miaka mingi kuhangaika wasije wakazaa pamoja.

Tuanze na ndugu mkubwa, Xenopus laevis. Jina la ukoo ni la Kigiriki, maana yake mguu mgeni, mguu wa ajabu. Chura huyu hana ulimi, anaishi majini karibu maisha yake yote, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Jike lake linaweza kupita sentimita 10. Anakula kila kinachoingia mdomoni, viluwiluwi wa aina yake wakiwemo.

Hogben alimtumia kuchunguza jinsi ngozi ya chura inavyobadilika rangi. Katika majaribio hayo alimchoma jike sindano yenye maji ya tezi ya pituitari ya ng'ombe, na jike likataga mayai. Miaka michache baadaye, wanasayansi wa hapohapo Cape Town, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wakaonyesha kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito unafanya kazi hiyohiyo. Jioni unamchoma chura sindano, asubuhi unaangalia chomboni. Ukiona mayai, mama ana mimba. Kabla ya hapo kipimo kilihitaji kuua panya au sungura na kumpasua. Chura aliweza kupumzishwa na kutumika tena.

Basi, vyura wa Cape wakaanza kusafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali na maabara za Ulaya na Marekani, mpaka vipimo vya kikemia vilipoingia miaka ya 1960. Hata baada ya hapo hawakupumzika: ndio aliowatumia John Gurdon katika majaribio aliyochapisha mwaka 1962, ambayo yalimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Wengine walitoroka au kuachiwa, na leo uzao wao unaishi Chile, California, Ufaransa, Ureno na Sicilia. Mguu mgeni ukawa mgeni kweli.

Hogben mwenyewe hakukaa. Siasa ya rangi ya nchi ile ilimchukiza, na mwaka 1930 akahamia London School of Economics, ambako aliendelea kuandika dhidi ya wale waliodai kwamba damu za watu zinaweza kupangwa kwa madaraja.

Sasa ndugu mdogo. Xenopus gilli hana historia ya kusafiri. Ni mdogo, wengi hawafiki hata sentimita 6, mgongo wa manjano wenye mistari myeusi mirefu. Anaishi kusini magharibi mwa Afrika Kusini tu, kwenye madimbwi ya uoto wa fynbos, ambako majani na mizizi huyatia maji rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Maji hayo ni ya asidi kali. Mayai ya laevis yakiwekwa kwenye maji makali namna hiyo yanakufa. Ya gilli yanaanguliwa. Kwa hiyo asidi ilikuwa ukuta wake. Hakuwa na nguvu wala ukubwa wa kumfukuza ndugu yake, ila alikuwa na nyumba ambayo ndugu yake asingeweza kulelea watoto.

Ukuta huo ukabomolewa na watu. Cape Flats, uwanda ambao gilli aliishi pia, ukajengwa nyumba, ukalimwa, ukapitishwa mifereji na barabara. Maji yakapoteza asidi. Mabwawa ya mashamba yakampa laevis vituo vya kupumzikia njiani, na yeye mvua ikinyesha hutembea nchi kavu kutoka dimbwi hadi dimbwi. Leo gilli amebaki vipande vipande: upande mmoja ndani ya hifadhi ya Cape of Good Hope, upande mwingine mashariki ya ghuba ya False Bay, maeneo ya Kleinmond na kuendelea. Yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Na hapo ndipo watafiti walipoanza kukuta vyura wasioeleweka: mgongo wa huyu, tumbo la yule. Chotara.

Hofu ilikuwa kubwa, na haikuwa ya kijinga. Aina adimu ikikutana na aina iliyojaa kila mahali, hesabu peke yake inaweza kuimaliza. Kila jike la gilli linalozaa na dume la laevis limepoteza msimu bila kuzaa gilli. Endelea hivyo vizazi vingi na unaweza kubaki na dimbwi lililojaa vyura, na gilli hata mmoja hayumo. Katikati ya miaka ya 1980 wahifadhi wa Cape of Good Hope walianza kuwavua na kuwaondoa laevis kwenye madimbwi, wakajenga na ukuta wa kuwazuia. Katika maandishi ya uhifadhi ya enzi zile kuchanganyika kwa namna hii kuliitwa mara nyingi "uchafuzi wa jeni".

Nilipolisoma neno hilo nilisimama kidogo. Kwa sababu tunazungumzia nchi gani, na miaka gani? Sheria ya 1927 ilifuatiwa mwaka 1949 na sheria ya kupiga marufuku ndoa za mchanganyiko, na mwaka 1950 marufuku ya uasherati ikapanuliwa iwaguse wote wasio Wazungu. Bessie Head alizaliwa Pietermaritzburg mwaka 1937 na mama Mzungu aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na baba Mwafrika asiyejulikana. Mwandishi aliyetupa Maru na A Question of Power alikuwa, mbele ya sheria, ushahidi wa kosa. Trevor Noah alizaliwa mwaka 1984 na kumbukumbu zake akaziita Born a Crime. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1985. Yaani wakati ukuta wa kuwatenga vyura unajengwa kwenye rasi, ukuta wa kuwatenga watu ndio kwanza unaanza kuangushwa.

Ni rahisi sana hapa kuandika sentensi tamu kwamba wahifadhi wa vyura walikuwa makaburu wa dimbwi. Ingesomwa, ingesambazwa, na ingekuwa uongo. Binadamu wote ni spishi moja. Mtoto wa Mzungu na Mwafrika hachanganyi chochote ambacho hakijachanganywa tangu zamani. Sheria ya 1927 ililinda mpaka ambao maumbile hayakuuweka. Gilli na laevis ni habari nyingine. Hao wametengana kwa muda mrefu mno, wana milio tofauti, wana maji tofauti, na chotara wao wa kiume hawazai. Kumtetea gilli si kumtetea kaburu. Swali langu likawa dogo zaidi: je, ile picha ya damu inayochafuka ilituonyesha hatari yenyewe, au ilituziba macho?

Jibu lilikuja taratibu, kwa vipimo. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha DNA ya vyura wa pande zote mbili za ghuba. Hawakukuta gilli aliyeyeyuka ndani ya laevis. Walichokuta ni kwamba gilli wa magharibi na gilli wa mashariki wenyewe wametofautiana kiasi cha kustahili kutunzwa kila kundi kwa nafasi yake. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine, safari hii ukipitia sehemu nyingi za jenomu kwa pamoja, ulifika palepale: chotara wapo, ila ni wachache, na athari yao kwa jeni za gilli ni ndogo. Wanakutana, wanazaa mara mojamoja, na kila mmoja anabaki yeye.

Kumbe kilichokuwa kinammaliza gilli ni kitu cha kawaida kabisa. Analiwa. Laevis ni mkubwa, anamla gilli na viluwiluwi wake, anamnyang'anya chakula. Palipoondolewa laevis, hali ya gilli ilikuwa nzuri kuliko palipoachwa. Kazi ya kuwavua laevis ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila sababu iliyopewa uzito haikuwa nzito kuliko zote. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kwenye madimbwi ya Cape ni kinyume: maji ndiyo yaliyoamua nani awe nani, na maji yalipobadilika ndipo taabu ilipoanza.

Mwaka 2016 likaja jambo lingine. Kundi kubwa la wanasayansi lilichapisha jenomu nzima ya Xenopus laevis. Chura huyu ana kromosomu 36, wakati binamu yake wa Afrika Magharibi, Xenopus tropicalis, ana 20. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba laevis amejirudufu, ila sasa waliweza kuzitenga kromosomu zake katika seti mbili na kuonyesha kwamba kila seti ilitoka kwa babu wake. Mababu hao wawili walikuwa spishi mbili zilizotengana takribani miaka milioni 34 iliyopita. Miaka kama milioni 17 iliyopita wakakutana tena, wakazaa, na uzao ukahifadhi urithi wa baba wote na mama wote bila kupunguza. Mababu wenyewe hawapo tena. Tunawajua kwa sababu tu wamo ndani ya mtoto wao.

Soma tena. Laevis ni chotara. Gilli naye, mwenye kromosomu 36 zilezile, ametoka kwenye ukoo huohuo wa chotara. Yule aliyelindwa asichafuliwe na yule aliyeogopwa kuchafua, wote wawili ni wajukuu wa tendo lilelile lililoogopwa.

Katika vyura hawa mchanganyiko ni njia ya kawaida ya kupata spishi mpya. Chotara wa kiume hazai, sawa. Lakini jike la chotara wa Xenopus huweza kutaga mayai yenye seti kamili ya kromosomu, bila kuzigawa nusu. Yai kama hilo likirutubishwa na dume wa aina nyingine, seti zinaongezeka. Ndiyo maana ukoo huu una spishi zenye seti 4, 8, hata 12. Kwenye milima ya Ruwenzori yupo mmoja wa seti 12. Sisi tuliofundishwa shuleni kwamba chotara wa wanyama ni nyumbu tu, mtoto wa punda na farasi asiyezaa, mwisho wa reli, tulifundishwa nusu ya hadithi.

Je, hii ina maana tuache kila kitu kichanganyike? Hapana, na mifano miwili ya nje ya Afrika inasaidia kuona kwa nini.

Wa kwanza ni wa Ulaya. Carl Linnaeus alimwandika mwaka 1758 chura wa kuliwa, huyu ambaye miguu yake huishia kwenye sahani za Wafaransa, kama spishi yake kamili. Zikapita karne mbili. Katika miaka ya 1960 Leszek Berger wa Poland akawazalisha vyura wa majini kwa mikono yake na kuona kwamba huyu si spishi kama nyingine: ni chotara wa chura wa dimbwi na chura wa ziwa. Na ana tabia ya ajabu. Anapotengeneza mayai au mbegu huitupa sehemu ya urithi ya mzazi mmoja na kupitisha ya mwingine tu. Kwa hiyo katika maeneo mengi kila kizazi lazima arudi kuzaa na aina ya mzazi aliyemtupa. Wanabaiolojia wamempa jina lenye asili ya neno la Kigiriki la mwizi. Ukitaka kumhifadhi chotara huyu huna njia ila kumhifadhi na mzazi anayemwibia. Na ukileta chura wa ziwa kutoka nchi nyingine kwa ajili ya biashara ya nyama, mizani yote ya bwawa inaweza kuvurugika. Huko, kuchanganyika kulikoletwa na gari la mizigo ni hatari ya kweli.

Wa pili ni wa jangwa la kusini magharibi mwa Marekani. Huko kuna vyura wachimbaji wa jenasi ya Spea, ambao huzaa kwenye vidimbwi vya mvua vinavyoweza kukauka kabla viluwiluwi hawajaota miguu. Karin Pfennig alionyesha mwaka 2007 kwamba jike la spishi moja, dimbwi likiwa na maji mengi, huchagua dume la aina yake. Dimbwi likiwa la kina kifupi, huweza kumwendea dume la spishi jirani, kwa sababu viluwiluwi chotara hukua haraka na kuliwahi jua. Watoto wa kiume watakuwa tasa, wa kike watazaa kwa shida, lakini watakuwa hai. Mama anachagua wajukuu wachache badala ya kukosa hata watoto. Ukimtazama jike huyo unapata taabu kutumia neno uchafuzi.

Serikali zimepata taabu hiyohiyo. Sheria ya Marekani ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini haikusema kitu kuhusu chotara. Kuanzia 1977 wanasheria wa serikali wakatoa maoni kwamba chotara hastahili ulinzi. Mwaka 1990 maoni hayo yakaondolewa, kwa kuwa yangeweza kuwanyima ulinzi hata wanyama adimu waliowahi kuchanganyika kidogo na majirani zao. Nadhani kukosa jibu moja ni afadhali kuliko kuwa na jibu baya. Kinachofaa ni kuuliza mbele ya kila dimbwi: nani amewakutanisha hawa, mvua au sisi? Mchanganyiko unamwongezea mnyonge nafasi ya kuishi, au unamfuta? Na maji yaliyomfanya awe hivi alivyo, bado yapo?

Hilo la mwisho Watanzania tumelipia karo. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo moja tu la Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilikata sehemu kubwa sana ya maji yale, na vyura 499 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, na tangu 2012 anarudishwa korongoni chini ya manyunyu ya mabomba. Hakuna aliyechanganya damu yake na ya mwingine. Usafi wa damu haukumsaidia kitu siku maji yalipokatwa.

Na upande wa pili wa bara, kwenye milima ya Kameruni, liko Ziwa Oku, ziwa dogo lililojaa kinywa cha volkano ya zamani. Ndani yake yupo Xenopus longipes, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1991. Ana seti 12 za kromosomu, jumla 108. Ni chotara wa chotara wa chotara. Haishi popote pengine duniani. Katika ziwa lile hakuna samaki, na wanaomfuatilia wanajua kwamba mtu mmoja mwenye nia njema, akibeba ndoo ya vifaranga vya samaki ili kijiji kipate kitoweo, anaweza kummaliza kwa miaka michache tu.